Mikono Inayotetemeka

Mji wa Luena, ulio katika Mkoa wa Haut-Lomami, kando ya reli itokayo Lubumbashi kwenda Kamina, umejulikana tangu siku za Wabelgiji kwa makaa yake ya mawe. Waliochimba makaa hayo na waliotengeneza reli hiyo zamani sasa ni wazee. Nao wazee wa Luena, kama wazee wa mji wowote, wana maradhi yao. Leo twapenda kusema habari za moja lao, ambalo watu huliona kwa macho bila kulijua jina.

Mkono mmoja waanza kutetemeka, hasa wakati umetulia juu ya goti. Mwendo wapungua, miguu yaburuta chini, mwili wakauka kama ubao. Uso hauonyeshi tena furaha wala huzuni, na sauti yawa ndogo. Hapo majirani huanza kunong’ona. Huyu husema mzee amerogwa. Yule husema mzee mwenyewe ndiye mchawi, na sasa uchawi wake wamrudia. Maneno hayo si mchezo. Mgonjwa aitwaye mchawi hapelekwi kwa daktari, na asiyepelekwa kwa daktari hawezi kupata dawa. Basi hufungiwa chumbani, au hufukuzwa na watoto aliowazaa.

Ugonjwa una jina

Mwaka 1817 daktari mmoja wa London, James Parkinson, aliandika habari za watu sita wenye hali hiyo. Baadhi yao aliwaona njiani tu, akautazama mwendo wao. Ndiyo sababu ugonjwa huu waitwa ugonjwa wa Parkinson.

Ndani ya ubongo zimo chembe ndogo zinazotengeneza kitu kiitwacho dopamini. Kwa msaada wa kitu hicho ubongo huuongoza mwili utembee na kugeuka kwa wepesi. Kwa mtu mwenye Parkinson chembe hizo hufa polepole, mwaka baada ya mwaka. Kwa wagonjwa wengi sababu ya kufa kwake haijajulikana, ila twajua kwamba umri mkubwa huongeza hatari. Ugonjwa huu hauambukizi. Kula sahani moja na mgonjwa hakuna hatari, wala kulala chumba kimoja naye.

Wala si ugonjwa wa Wazungu peke yao. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa nao. Katika wilaya ya Hai, chini ya mlima Kilimanjaro, wachunguzi walipita nyumba kwa nyumba kati ya watu wapatao 161,000. Katika habari walizozitangaza mwaka 2008 walisema wamewapata wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wameambiwa kamwe jina la ugonjwa wao. Je, katika vijiji vyetu ni wangapi wanaokaa gizani namna hiyo?

Wako wawili ambao Kongo iliwapokea kwa shangwe. Muhammad Ali alishinda pigano lake kubwa Kinshasa mwaka 1974. Miaka kumi baadaye, mwaka 1984, watu walitangaziwa kwamba ana Parkinson. Papa Yohane Paulo II alitutembelea mwaka 1980, tena mwaka 1985 alipomtangaza Anuarite kuwa Mwenye Heri. Naye katika uzee wake alitetemeka mbele ya dunia nzima, akaendelea na kazi yake hadi kufa kwake tarehe 2 Aprili 2005. Nani angethubutu kusema kwamba Baba Mtakatifu alikuwa mchawi? Basi tusiseme hivyo juu ya baba zetu.

Dawa na kanuni zake

Mwaka 1960 mtaalamu Oleh Hornykiewicz, huko Vienna, alionyesha kwamba ubongo wa wagonjwa hawa umepungukiwa dopamini. Lakini dopamini yenyewe haiwezi kupita kutoka damuni hadi ubongoni. Kwa hiyo hutumika levodopa, ambayo yapita, na ikifika ubongoni hugeuka kuwa dopamini. Mwaka 1967 George Cotzias, huko New York, alionyesha faida kubwa ya kuwapa wagonjwa dawa hiyo kwa kinywa, akiizidisha kidogo kidogo. Siku hizi kidonge huchanganywa na kabidopa, ili levodopa isipotee njiani na kumletea mgonjwa kichefuchefu.

Tuseme wazi: dawa hii haiponyi, wala haizuii chembe kufa. Lakini yaweza kumpa mzee nguvu za kuvaa nguo mwenyewe, kushika kijiko na kutembea hadi kanisani. Hilo si jambo dogo.

Kanuni zake ni hizi. Kwanza, vidonge huliwa saa zile zile kila siku. Hata nusu saa yaweza kumfanya mgonjwa akwame kitini. Pili, vyafaa kuliwa nusu saa au zaidi kabla ya chakula, kwa maana nyama, samaki na maharagwe huweza kuizuia dawa isipite vema. Tatu, dawa isikatwe ghafula hata siku moja, kwa kuwa mwili waweza kukakamaa na kupata homa ya hatari. Mnunue vingine kabla ya vile vya mwisho kwisha. Nne, baada ya miaka mgonjwa akianza kujinyonganyonga bila kutaka, au dawa ikiisha nguvu mapema, aelezwe daktari. Jamaa wasibadili kipimo wenyewe.

Tena kuna dawa nyingine ziwezazo kuuzidisha ugonjwa, kama haloperidoli apewayo mtu aliyechanganyikiwa, na metoklopramidi ya kuzuia kutapika. Pengine dawa hizo zenyewe ndizo zilizoleta mtetemeko kwa mtu asiye na Parkinson. Kwa hiyo mwendapo kwa mwuguzi au daktari, chukueni vidonge vyote anavyokula mzee, avione.

Wengine watauliza juu ya upupu, mmea ule unaowasha ngozi. Ni kweli, mbegu zake zina levodopa. Wataalamu wa Uhindi waliigundua humo mwaka 1937, na madaktari wa siku zetu wamezijaribu kwa wagonjwa. Lakini nani nyumbani ajuaye mbegu hizi zina kiasi gani? Kidogo mno hakifai, na kingi mno chadhuru. Mtu asijipimie upupu mwenyewe.

Uuguzi wa nyumbani

Madaktari wa ubongo ni wachache, nao hukaa katika miji mikubwa. Uuguzi lakini ni wa kila siku, nao umo mikononi mwetu.

Mgonjwa atembee kila siku, maana mwili usiotumika huzidi kukauka. Miguu ikiganda mlangoni, msimvute. Asimame, apumue, auhamishe uzito wake toka mguu mmoja hadi mwingine, kisha apige hatua kubwa. Wimbo wenye mapigo au makofi humsaidia. Hata mstari uliochorwa chini wa kuvuka humsaidia. Ondoeni magogo na mikeka iliyokunjamana njiani, na usiku taa iwe karibu, kwa sababu kuanguka ndiko kunakovunja mifupa.

Kula kwahitaji subira. Haraka haraka haina baraka. Aketi wima, kidevu kikielekea chini kidogo. Bukari iwe laini, matonge yawe madogo, na sombe iwe na mchuzi. Asiongee huku akimeza, wala asilazwe mara amalizapo kula. Chakula kikiingia katika njia ya hewa, huleta ugonjwa wa mapafu, nao huwaua wengi. Anywe maji ya kutosha na kula matunda, kwa maana choo kigumu humsumbua sana. Akiwa hawezi tena kuinuka, ageuzwe kitandani kila baada ya saa mbili, ngozi yake ikaguliwe na kukaushwa, asipate vidonda.

Zaidi ya yote, mgonjwa asemeshwe. Uso usiocheka si uso wa hasira, na ukimya wake si ujinga. Mara nyingi aelewa kila neno. Mngojeeni tu amalize jibu lake. Pengine huzuni nzito humshika, au huona vitu visivyokuwapo; hayo nayo ni sehemu ya ugonjwa, na daktari aambiwe. Naye mwuguzi wa nyumbani, ambaye mara nyingi ni binti au mkwe, asiachwe peke yake usiku na mchana. Kaka zake wapeane zamu.

Kanisa halimsahau mgonjwa

Wengine huacha vidonge vya asubuhi ili wapokee Komunyo. Hakuna haja. Maji na dawa havivunji mfungo wa Komunyo. Tena wazee, wagonjwa na wanaowauguza hawafungwi na ile saa moja ya kutokula. Anayeshindwa kumeza aweza kupewa kipande kidogo cha Hostia, na maji kidogo baadaye. Padre aitwe mapema kwa Mpako wa Wagonjwa, si wakati roho yatoka.

Amri ya nne yatuagiza kuwaheshimu wazazi, na Yoshua bin Sira atufundisha kumvumilia baba hata akili zake zikipungua. Basi jumuiya hai zichange nauli ya kumpeleka mgonjwa kwa daktari na fedha za vidonge, kama zichangavyo kwa msiba. Mchango umfikiao mtu akiwa hai wamfaa zaidi. Nanyi wanafunzi, mkisikia mtu akimcheka babu atetemekaye, mwambieni jina la ugonjwa huo, mkamshike babu mkono avuke njia.