Kabla ya kumlipa mshauri wa shamba, andikeni mkataba

Na Mwandishi Wetu, Ifakara

MKULIMA wa mpunga wa Katindiuka, kata iliyo ndani ya Halmashauri ya Mji wa Ifakara, hawezi kusema yuko mbali na wataalamu. Mji huo una kituo cha utafiti wa mpunga kilichofahamika kwa miaka mingi kwa jina la KATRIN, ambacho sasa ni TARI Ifakara. Una pia chuo cha kilimo kinachofundisha vijana wa ngazi ya cheti na stashahada.

Mahali penye wataalamu hapakosi wanaotoa ushauri kwa malipo. Mshauri wa namna hii hufuatana na mkulima au kikundi msimu mzima: hupanga nao bajeti, husimamia kitalu, huwafundisha kuweka hesabu na huwasaidia kutafuta mnunuzi. Ni huduma nzuri. Lakini inapofanywa kwa maneno ya mdomo, ugomvi huanza siku ya mavuno. Mshauri anadai fedha zake, mkulima anasema hakumwona tangu palizi ya kwanza, na hakuna karatasi ya kuamua nani mkweli.

Kwanza, ndugu msomaji, usilipie kile unachostahili kupata bure. Ofisa ugani wa kata hulipwa mshahara na serikali. Muulize kwanza atakusaidia wapi, kisha umtafute mshauri binafsi kwa yale yaliyobaki.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inatambua mkataba pale watu wenye uwezo wa kisheria wanapokubaliana kwa hiari, kwa malipo au faida halali na kwa jambo halali. Aliye chini ya miaka 18 hana uwezo huo. Mkataba wa mdomo nao unaweza kuwa halali, ila kuuthibitisha ni kazi nzito. Anayedai haki ya mkataba mahakamani ana miaka sita tangu haki hiyo ivunjwe, na mashahidi wa maneno ya miaka sita iliyopita ni adimu.

Kwa hiyo anza na majina. Andika jina kamili la kila upande, makazi na namba ya kitambulisho. AMCOS iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inaweza kuingia mkataba kwa jina lake. Kikundi ambacho hakijasajiliwa kiorodheshe wanachama wote na kila mmoja aweke saini, vinginevyo deni laweza kumwangukia mwenyekiti peke yake.

Kazi ifuate hatua za mpunga

Kosa kubwa katika mikataba hii ni kuandika kazi kwa mstari mmoja, kwamba mshauri “atafundisha kilimo bora”. Hilo halipimiki.

Chukua mfano wa kilimo shadidi, njia iliyoanzia Madagascar miaka ya 1980 kwa padri Mfaransa, Henri de Laulanié. Miche huhamishwa kitaluni ikiwa na siku 8 hadi 12 tu, hupandwa mmoja kila shimo, kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25. Ekari moja ina mita za mraba 4,047, hivyo ni mashimo kama 65,000. Mshauri akichelewa wiki moja, miche imepita umri wake. Mkataba unaosema “atatembelea shamba mara moja kwa mwezi” unaweza kutimizwa neno kwa neno na mkulima akapata hasara.

Andikeni basi ziara kwa hatua za mpunga: siku ya kuandaa kitalu, kupandikiza, palizi ya kwanza, mbolea ya kukuzia na mavuno. Taja mashamba yalipo, ukubwa wake na idadi ya wanaofundishwa. Kila ziara iishie na maelezo mafupi kwenye daftari, yenye saini ya pande zote mbili.

Andika pia wajibu wa mkulima. Kocha wa Simba au Yanga haingii uwanjani kupiga mpira, na mshauri naye halimi. Kama mkulima hakununua mbolea kwa wakati au hakufika kwenye mafunzo, asimbebeshe mshauri lawama zote. Kwa sababu hiyohiyo, mjihadhari na mshauri anayeahidi idadi ya magunia. Mvua, ndege na panya hawajaweka saini. Anachoweza kuahidi ni kazi yake mwenyewe: kufika, kufundisha na kushauri kwa uangalifu.

Fedha zilipwe vipi?

Tuseme kikundi cha watu 20 kimekubaliana na mshauri Sh600,000 kwa msimu, yaani Sh30,000 kwa kila mwanachama. Kulipa zote mwanzoni ni hatari kwa kikundi, na kulipa zote mwishoni ni mzigo kwa mshauri. Zigawanywe kwa awamu nne za Sh150,000: baada ya kitalu, baada ya kupandikiza, baada ya mbolea ya kukuzia, na baada ya ripoti ya mavuno. Andika nauli na chakula cha mshauri ni juu ya nani, na kila malipo yawe na risiti.

Wanaolipa kwa mpunga waandike kilo, wasiandike “gunia”. Bila hivyo mmoja atafikiria gunia la kilo 100 na mwenzake atafikiria lumbesa. Taja pia kama ni mpunga mkavu, utapimwa wapi na nani atakuwepo. Kama malipo ni sehemu ya faida, elezeni gharama zipi zinatolewa kwanza: kulima, kuvuna, usafiri, magunia au zote.

Mshauri anayeuza pembejeo

Mshauri anaweza kuwa pia muuza mbegu au wakala wa dawa. Si kosa, lakini mkulima ana haki ya kujua. Kiwemo kifungu kinachomtaka atangaze kama anapata kamisheni dukani, na kwamba mkulima yuko huru kununua popote. Mbegu iwe na lebo ya TOSCI, ikiwemo TXD 306 ambayo wengi huiita SARO 5. Dawa ziwe zimesajiliwa na TPHPA.

Mshauri wa biashara huona pia mapato yako, madeni yako na bei unayopewa na mnunuzi. Zuieni kwa maandishi kutoa habari hizo bila idhini. International Coaching Federation, shirikisho la washauri wa aina hii lililoanzishwa mwaka 1995, huwataka wanachama wake wakubaliane na mteja kuhusu siri kabla ya kuanza kazi. Hapa nchini ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Maji yakijaa, au mmoja akitoroka

Bonde la Kilombero hufurika masika, na mkataba usiotaja mafuriko haujaandikwa kwa ajili ya bonde hili. Elezeni kama ziara iliyozuiwa na maji itafidiwa siku nyingine, na kama shamba likizama mshauri atalipwa kwa awamu zilizokamilika tu.

Wekeni njia ya kuachana kwa heri: notisi ya siku 14, kwa mfano, na malipo ya kazi iliyokwisha kufanyika. Mkitaja faini ya kuvunja mkataba, iwe ya kiasi. Hata mkiandika mamilioni, mahakama hutoa fidia inayostahili, isiyozidi kiasi mlichotaja. Kabla ya kwenda mahakamani, mkubaliane nani atawasuluhisha, awe mzee anayeaminika au kiongozi wa mtaa.

Mwisho ni saini. Mkataba uwe kwa Kiswahili na usomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote, kwa sababu asiyejua kusoma naye analipa Sh30,000 zake. Tengenezeni nakala mbili, kila upande na yake, mbele ya mashahidi. Ulizeni TRA kuhusu ushuru wa stempu, maana hati inayopaswa kulipiwa ushuru huo inaweza kukataliwa kama ushahidi mahakamani hadi ilipiwe.

Wakati mzuri wa kufanya haya ni kiangazi, mpunga ukiwa umeuzwa na mvua hazijaanza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku mbili za kikao sasa ni rahisi kuliko msimu mzima wa kudaiana.