"Hapana" na "bado" katika faili la .config

Wanaisimu tunajua kwamba "hakufika" na "hajafika" si kitu kimoja. La kwanza limefunga mlango, la pili limeuacha wazi. Tofauti hiyo imo pia katika faili la .config, ambamo huamuliwa kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta, itakuwa na nini kabla ya kujengwa.

Tangu mwaka 2002 maamuzi hayo hupangwa kwa lugha ndogo iitwayo Kconfig, kazi ya Roman Zippel. Leo machaguo yanapita 10,000. Mwenye kompyuta ya mezani hutumia yaliyopangwa na wengine. Anayejenga kifaa kidogo, tuseme Raspberry Pi ya kurekodi masimulizi ya Kisanga kijijini, kwa betri na bila mtandao, inambidi achague mwenyewe. Chaguo likikosekana, atagundua mbele ya mzee aliyekwisha kuketi ili asimulie.

Kila chaguo la kuwasha au kuzima hujibiwa y (liwe ndani ya kerneli), m (liwe moduli ya kupakiwa baadaye) au n. Ila n haiandikwi hivyo. Huandikwa:

# CONFIG_SND_USB_AUDIO is not set

Kwa desturi alama # hutangulia maelezo ambayo mashine huyaruka. Hapa mashine inayasoma! Anayefuta mistari hiyo kwa kudhani anasafisha faili ameondoa "hapana" na kuacha "bado". Amri make oldconfig itamwuliza upya. Amri make olddefconfig haimwulizi: inachukua thamani ya msingi, na kilichozimwa kinaweza kurudi.

Kuna na upatanisho. SND_USB_AUDIO, inayowezesha kadi za sauti na maikrofoni za USB, inatawaliwa na SND_USB, SND na SOUND. Ukiiandikia y huku SOUND imezimwa, olddefconfig inauondoa mstari wako bila kutangaza kosa. SND ikiwa m, y yako inashushwa kuwa m, na kama hukuweka moduli kwenye kadi ya kumbukumbu, maikrofoni ni bubu. Neno select lina ubabe wa kinyume: linawasha chaguo jingine bila kujali masharti yake, ndiyo maana waandishi wa kerneli huonywa walitumie kwa uangalifu. Skripti merge_config.sh, inayounganisha vipande vya machaguo, hutoa onyo thamani iliyoombwa isipopatikana mwishoni. Lakini onyo hilo hupita haraka kati ya mistari mingine, kwa hiyo mimi hutafuta kila chaguo muhimu kwa grep ndani ya .config ya mwisho.

Tuhifadhi nini sasa? Faili zima lina maelfu ya mistari, hakuna atakayelisoma. Amri make savedefconfig huandika yale tu yanayotofautiana na thamani za msingi. Ni fupi, lakini ukimya wake unategemea thamani ambazo toleo jipya la kerneli laweza kuzibadili. Napendelea vipande vidogo kwa kila hitaji, hata y ya msingi ikitajwa waziwazi, na sababu juu yake:

# maikrofoni ya USB kwa kazi ya uwanjani
CONFIG_SND_USB_AUDIO=y

Hapa # ni maelezo ya kweli, kwa ajili ya mwanafunzi atakayerithi kifaa.