Kukaa Kigamboni, Ng'ambo ya Bandari

Wengi hutuuliza kama Kigamboni kwafaa kwa mtu mwenye mshahara mdogo. Twajibu, kwafaa, ila kwanza ayahesabu maji. Maana kati yake na Dar es Salaam pana mlango wa bandari. Kwa macho ni karibu, hata madirisha ya mjini yaonekana, bali mwalimu aweza kungoja pantoni hata kengele ya shule ikalia pasipo yeye. Daraja la Nyerere, lenye mita 680, lilifunguliwa mwaka 2016 upande wa Kurasini, likawafaa zaidi wenye magari.

Wenyeji ni Wazaramo. Kati yao wamehamia watu wa bara wa makabila mengi, nao huombana chumvi na moto pasipo kuulizana kwao ni wapi. Jambo hili latupendeza kuliko upepo wa bahari, nao si haba.

Taabu ni kiwanja. Mwaka 2008 serikali ilitangaza mpango wa kujenga mji mpya, wenye mashamba na nyumba wakazuiwa kujenga, wakakaa miaka wakingoja. Basi anayetaka kununua aende kwanza ofisi ya ardhi, akaulize habari za kiwanja kile, kisha ndipo atoe fedha.