Maji ya Sabili: Chemchemi za Kuzuru Jijini Istanbul

Mgeni afikapo Istanbul huongozwa kwanza kwenye misikiti mikubwa na makasri ya masultani. Ni haki yake kuyaona. Lakini kando ya misikiti hiyo, kwenye pembe za njia na mbele ya bandari ndogo za vivuko, yapo majengo mengine yaliyojengwa kwa marumaru na nakshi za dhahabu, ambayo kazi yake ilikuwa moja tu: kumnywesha mpita njia bila ya kumdai senti.

Waturuki huyagawa majengo haya mafungu mawili. Lipo lile lenye mfereji ukutani, ambapo kila mtu hujichotea mwenyewe. Na lipo lile liitwalo sebil, chumba chenye madirisha ya vyuma vilivyosukwa, ambamo mhudumu huketi ndani akijaza vikombe na kuwapa wapitao. Na siku za furaha aliweza kugawa sharubati badala ya maji. Jina hilo si geni kwetu. Mzee wa pwani akisema kitu amekisabilia, maana yake amekitoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na haulizi tena habari za malipo. Sisi na wao tumelichota neno hili katika kisima kimoja cha Kiarabu.

Msingi wa jambo lenyewe unajulikana. Sahaba Saad bin Ubada, Mwenyezi Mungu amridhie, alipofiwa na mama yake aliuliza ni sadaka ipi iliyo bora, na Mtume wetu (S.A.W.) akamwelekeza kwenye maji. Akachimba kisima na kukinuia kwa mama yake. Mabwana na mabibi wa Istanbul walifuata njia hiyo hiyo, na ndiyo maana chemchemi nyingi za jiji hilo zimechorwa aya ya 30 ya Surat al-Anbiyaa, ile inayokumbusha kuwa kila chenye uhai asili yake ni maji.

Za kuanzia

Ya kwanza kuzuru ni chemchemi ya Sultani Ahmed wa Tatu, iliyojengwa mwaka 1728 mbele ya lango kuu la kasri la Topkapı, hatua chache kutoka Hagia Sophia. Ni jengo la mraba lenye paa lililotandaza pindo zake kama mwavuli, na juu yake vikuba vitano. Kila ubavu una mfereji, na kila pembe ina sebil yake. Kuta zimejaa maua ya kuchonga na mashairi ya Seyyid Vehbi, malenga mkubwa wa zama hizo.

Humo mna hadithi itakayowapendeza wapenzi wa tungo. Ilikuwa desturi mshororo wa mwisho uhifadhi tarehe kwa hesabu ya abjadi, ambapo alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, na kuendelea. Inasimuliwa kwamba Sultani mwenyewe alitunga mshororo huo, lakini hesabu yake ikapungua 4 kufikia mwaka 1141 wa Hijria. Seyyid Vehbi akaongeza mwanzoni neno moja fupi la Kituruki lenye maana ya “fungua”, ambalo herufi zake ni 4 barabara. Tarehe ikatimia, na mfereji ukapata neno lake.

Ukishuka na tramu hadi Tophane, karibu na msikiti wa Kılıç Ali Pasha, utaikuta chemchemi ya Sultani Mahmud wa Kwanza ya mwaka 1732. Kuta zake zimechongwa miti ya matunda iliyopandwa katika vyungu, tunda kwa tunda. Si mbali na hapo, Azapkapı, ipo chemchemi ya Saliha Sultan, mama yake Sultani huyo. Wenyeji husimulia kuwa bibi huyu, alipokuwa binti wa kimaskini, alitumwa maji mahali hapo, mtungi ukamvunjikia, akaketi akilia. Mama wa Sultani wa wakati ule akapita, akamhurumia na kumchukua kasrini. Iwe ni kweli au ni ngano, ni hadithi inayojua uzito wa mtungi wa maji kichwani mwa mtoto.

Kwa kivuko, nenda Üsküdar, upande wa Asia, ambako Ahmed wa Tatu alijenga chemchemi nyingine kwa ajili ya wasafiri washukao majahazini. Na ukirudi, pita uwanja wa Sultanahmet uione ile ya Wajerumani yenye nguzo nane, ambayo ndani ya kuba lake imetandazwa vigae vidogo vya dhahabu. Ilitengenezwa Ujerumani, ikaletwa vipande vipande kuwa ukumbusho wa ziara ya Kaiser Wilhelm wa Pili ya mwaka 1898, na kufunguliwa mwaka 1901.

Maji yalitoka wapi?

Uzuri huu wote haungefaa kitu bila ya maji. Katika karne ya 16, Sultani Suleiman alimwamuru mhandisi Sinan kuyaleta kutoka misitu ya kaskazini kwa mifereji iliyovuka mabonde juu ya matao ya mawe. Mwaka 1732 Sultani Mahmud akayaongeza kwa upande wa Galata, na yakagawanywa katika nyumba ya mawe iliyopo hadi leo. Ndipo uwanja mashuhuri wa Taksim ulipopata jina lake: taksim ni kugawa, shina lile lile la neno letu kukasimu.

Jambo la pili lilikuwa wakfu. Aliyejenga chemchemi alitenga pia maduka au hamamu, ili kodi yake imlipe mhudumu na fundi. Aliyeufikiria mfereji alifikiria pia siku mfereji utakapoharibika.

Mwisho wa karne ya 19 maji ya ziwa Terkos yalianza kuingia majumbani kwa mabomba, na katika karne iliyofuata chemchemi nyingi zikakauka. Leo mgeni atazikuta nyingine zimekarabatiwa zikang’aa, lakini akigeuza mfereji hapati hata tone. Afadhali abebe chupa yake.

Hapo ndipo pana mazingatio kwetu. Mombasa ni jiji ambalo mkokoteni wa madumu ya maji ni jambo la kila siku, na wengi wetu tumechangia kisima au tangi la sabili kwa ajili ya marehemu wetu. Kuchimba ni rahisi kuchangisha. Pampu ikifa baada ya miaka mitatu, huwa hapana aliyeachiwa jukumu. Familia inayonuia kutoa maji na itenge pamoja nayo chumba cha kupangisha, au fungu la kila mwezi, na imtaje mtu wa kuliangalia. Marumaru haimalizi kiu ya mtu. Ni maji yanayotiririka ndiyo yanayomfikia marehemu kwa thawabu. Mwenyezi Mungu atutakabalie.