Samaki Wanaolelewa Chekechea

Kitu cha kwanza anachokiona mtoto ni macho. Yai la salmoni lina ukubwa wa punje ya njegere na rangi ya machungwa, na linapofika darasani tayari lina vidoa viwili vyeusi ndani yake. Kabla hajaambiwa lolote, mtoto anajua kuwa humo ndani kuna mtu anayemtazama.

Katika jimbo la British Columbia, magharibi mwa Kanada, shule nyingi hulea mayai hayo kila mwaka, na madarasa ya chekechea yamo. Mayai hutoka katika vituo vya kuzalisha samaki, chini ya usimamizi wa mamlaka ya uvuvi ya nchi hiyo. Darasani huwekwa tangi la kioo lenye changarawe, pampu ya hewa na mashine ya kupoza maji hadi nyuzijoto 10 hivi za Selsiasi. Tangi hufunikwa, kwa sababu mtoni mayai hufukiwa chini ya changarawe, na mwanga mkali huyadhuru. Kifuniko huinuliwa kwa muda mfupi tu, watoto wakachungulia kwa zamu bila kugonga kioo, kisha kikarudishwa. Kwangu mimi, kungoja huko ndiko kiini cha somo zima. Yai haliharakishwi, hata mtoto akililia.

Siku nyingine yai hukutwa limekuwa jeupe. Limekufa, na lazima litolewe kabla ukungu haujaenea kwa wenzake. Mwalimu mzuri halitoi kwa kificho. Huwaonyesha watoto na kuwajibu maswali yao, hata yale magumu, kwa maneno ya kweli.

Kifaranga akianguliwa hubeba kifuko cha kiini tumboni, na hicho humlisha kwa wiki kadhaa. Kikiisha, huanza kuogelea juu kutafuta chakula, na hapo watoto hupewa kazi ya kulisha: kidogo tu, kwa sababu chakula kinachobaki huoza na kuzalisha amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Mtoto aliyeona maji ya tangi yakichafuka kwa chakula cha ziada ataelewa kwa nini mfereji wa maji taka haufai kuelekezwa mtoni, hata kama bado hajui kusoma.

Majira ya kuchipua yakifika, kila mtoto hupewa kikombe chenye kifaranga, naye hukiinamisha taratibu ukingoni mwa kijito. Salmoni aina ya chamu huelekea baharini baada ya muda mfupi, na wachache wanaonusurika hurudi baada ya miaka 3 hadi 5, wakataga na kufa. Mizoga yao hulisha dubu, tai na hata miti ya kandokando ya mto. Mtoto aliyemwaga samaki wake akiwa na miaka 5 anaweza kuwa na 9 samaki huyo akirudi.

Hapa kwetu wapo walimu watakaotamani kuiga, nami natamani waige, ila si kwa kununua vifaranga vya sato na kuvimwaga kwenye mto wowote. Ziwa Victoria limekwisha kutufundisha. Sangara alipandikizwa humo katika miaka ya 1950 na 1960, na aina nyingi mno za furu zikatoweka. Sato naye, akiingia kwenye mito isiyo yake, huzaana na perege wa asili hadi mbegu yao ikapotea. Samaki wa kuachiwa ni yule aliyetoka katika maji hayohayo, tena kwa idhini ya afisa uvuvi.

Pasipo na uwezo huo, viluwiluwi wachache wa dimbwi la jirani wanatosha. Wawekeni kwenye beseni kivulini, pamoja na maji na majani ya dimbwi lao, watoto waone miguu ikiota. Kisha warudisheni palepale mlipowachota, na watoto wenyewe ndio wabebe ndoo.