Jinsi ya Kupima Thamani ya Cherehani ya Zamani



Tangu mwaka 2022 sheria inamruhusu mwanachama wa NSSF aliyetimiza umri wa miaka 45, na aliyeweka akiba kwa miaka 10, kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Wapo walionunua pikipiki. Wapo pia, hasa akina mama, wanaonunua cherehani ili washone nyumbani baada ya zamu, na kwa kuwa mpya ni ghali wanatafuta ya zamani, ile nyeusi ya mkono inayobebwa ndani ya sanduku la mbao. Si wazo baya. Lakini mwaka jana mwenzetu mmoja wa shamba la chai alituletea Singer inayong'aa kama kiatu cha askari. Aliilipia zaidi ya bei ya mpya, na haikushona hata mshono mmoja. Ilikosa kichuma kimoja kidogo kuliko kidole. Ndiyo sababu ya makala hii.

Mwenzetu aliuziwa namba. Muuzaji alimwonyesha namba iliyopigwa kwenye chuma, upande wa kulia wa kitako, akamwambia: "Hii ni ya kale sana, Wazungu wanaitafuta." Ni kweli kwamba namba inaeleza umri. Singer za kabla ya 1900 zina tarakimu tupu. Baadaye ikatangulia herufi moja, na tangu katikati ya miaka ya 1930 zikawa herufi mbili. Zinazoanza na E ni za kiwanda cha Clydebank huko Scotland, nchi ya Uingereza, ambako zilitengenezwa nyingi zilizoletwa makoloni. Lakini kiwanda hicho kilichofunguliwa 1885 kilikuwa kikitoa zaidi ya cherehani milioni moja kwa mwaka kabla ya vita vya 1914. Kitu kilichotengenezwa kwa mamilioni, tena cha chuma kisichooza, hakiwi adimu kwa sababu ya uzee peke yake. Iko Singer ndogo ya aluminiamu, namba 221, yenye mota ya umeme, ambayo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huilipia vizuri. Hii yetu ya mkono si hiyo.

(Kwa sisi wa chama, Clydebank ina jambo jingine. Mwaka 1911 wanawake 12 wa idara ya kung'arisha waliongezewa kazi, na wafanyakazi wapatao 11,000 wakagoma kwa ajili yao. Mgomo ulishindwa na karibu 400 wakafukuzwa. Kiwanda chenyewe kilifungwa 1980.)

Kuna uongo mbaya kuliko wa namba. Mwezi wa Aprili 2009 huko Saudi Arabia ulienea uvumi kwamba ndani ya Singer za zamani mna "zebaki nyekundu", dawa ya ajabu ya kutafutia dhahabu na mapepo. Watu waliambiwa wasogeze simu ya mkononi karibu na sindano, na laini ikikatika basi zebaki imo. Bei zilipanda hadi riali 200,000 kwa cherehani moja. Polisi walisema ni ulaghai, na hakuna aliyepata kitu. Ndani ya cherehani mna chuma, mafuta na vumbi la uzi. Dalali akija na simu mkononi kupima cherehani yako au kukuuzia yake, mwonyeshe mlango.

Sasa ukaguzi. Nenda na sindano mpya, uzi wako mwenyewe, kipande cha kitenge na kipande cha ovaroli. Usikubali kujaribu kwa kitambaa cha muuzaji, kwa maana amekichagua. Kwanza, kabla ya kutia uzi, zungusha gurudumu taratibu kuelekea kwako. Lizunguke kwa wepesi ule ule mzunguko mzima. Likigoma mahali pamoja tu, kuna kilichopinda. Likikwama kabisa, usikimbie: mara nyingi ni mafuta ya miaka yaliyoganda kama ulimbo. Mafuta ya taa yakilala ndani yake siku moja au mbili, kisha yafuatwe na mafuta ya cherehani, huilegeza. Muuzaji asiyejua hilo ataiuza kama chuma chakavu, na hapo ndipo faida yako ilipo. Ufa kwenye mwili wa chuma ni habari nyingine. Mafundi wa Katwe wanaweza kuchomelea karibu kila kitu, lakini chuma hicho cha kumimina kikishachomelewa mara nyingi hakirudi katika mstari wake, na sindano hugonga.

Sukuma gurudumu juu na chini. Likicheza, vishikio vyake vimelika. Papasa meno yanayovuta nguo. Yawe makali kidogo kwenye ncha za vidole. Kisha shona kitenge, halafu ovaroli iliyokunjwa mara mbili, ugeuze uangalie chini. Uzi wa juu na wa chini ukutane katikati ya nguo. Vitanzi vikining'inia chini, huenda ni kukaza uzi tu. Mishono ikirukwa, angalia kwanza kama sindano haikugeuzwa upande.

Jambo kubwa kuliko yote ni uzi wa chini unakaaje. Singer ya namba 15 ina bobini ya mviringo ndani ya kikasha kidogo cha chuma. Baada ya vita vya pili Wajapani waliiga cherehani hiyo, kisha Wachina, na Butterfly ya Shanghai ni ya ukoo huo, kwa hiyo vipuri vyake havisumbui. Namba 99, ambayo bobini yake hulala chini ya kibati, nayo si taabu sana. Lakini 28 na 128 zina bobini ndefu inayokaa ndani ya kichuma chenye umbo la mtumbwi. Mtumbwi huo ukipotea, una pambo la mezani. Hicho ndicho alichokosa mwenzetu. Tena 99 na 128 ni fupi, haziingii kwenye meza ya kawaida ya miguu, ilhali 15 unaweza kuanza nayo kwa mkono na kuihamishia mezani kazi ikiongezeka. Sare za shule hazishoneki kwa faida mkono mmoja ukiwa unazungusha.

Kwa bei, ulizia kwanza Butterfly mpya ni kiasi gani siku hiyo. Singer 15 iliyo kamili na kushona vizuri, mimi ningekubali ikaribie bei hiyo, isipite. Ya 99 ningetoa nusu. Ya 128 ningetoa kidogo sana, na mtumbwi nikiwa nimeuona kwa macho. Rangi mpya na maua ya dhahabu usiyalipie hata shilingi.

Ukishakubaliana, andikeni mapatano mbele ya mwenyekiti wa LC1, namba ya cherehani ikiwa imeandikwa humo pamoja na mhuri, kwa maana za wizi ni nyingi na namba ndiyo itakayokusaidia. Na ukiona shaka kabla ya kulipa, njoo ofisini Jumamosi asubuhi, twende pamoja kuitazama.