Mvulana Aliyemchagua Kelly Hana Ugonjwa

Swali hili huja kila shule zinapofungwa, na halibadiliki hata kidogo. Kijana wa miaka 13 au 14, mtoto anayeswali na kuhudhuria dugsi, chuo cha Qur'ani, bila kusukumwa, ameonekana akicheza Free Fire kwenye simu, na mtu anayemwendesha kwenye skrini ni msichana. Ameingiliwa na nini? Huuliza akina mama wa soko la kambi ya wakimbizi ya Hagadera, huuliza wajomba walioko Garissa mjini, na huuliza hata walimu, ambao ningetarajia wafikiri kwanza. Nalijibu leo kwa kirefu nikitumaini kwamba halitarudi. Hakuna kilichomwingia. Mchezaji anayemchagua mhusika wa kike hajatangaza lolote kuhusu maumbile yake. Mara nyingi ametangaza jambo kuhusu gemu yenyewe, na mzazi angelitambua kama angeitazama hiyo gemu kwa dakika kumi badala ya kumkodolea macho mtoto.

Tuanze na huyo Kelly, kwa kuwa ndiye anayezua hofu nyingi. Free Fire, iliyotolewa na kampuni ya Garena ya Singapore mwaka 2017, imeenea kwa sababu inafanya kazi kwenye simu za bei nafuu ambazo gemu nyingine nzito huzishinda. Ndani yake wahusika wana vipaji tofauti. Kelly hukimbia kwa kasi. Moco akimpiga adui risasi, adui huyo huonekana alipo kwa muda hata akijibanza nyuma ya ukuta. Olivia ni muuguzi, na kipaji chake ni kuwaponya wenzake. Alok, ambaye ni mwanamume, huwaponya walio karibu naye, na kwa muda mrefu alipatikana kwa almasi, yaani kwa pesa halisi. Sasa mweke mbele ya orodha hiyo kijana asiye na shilingi ya almasi, anayetaka kuvuka uwanja wazi kabla hajapigwa risasi. Atamchagua Kelly kwa sababu ya mbio zake, kama mtu anavyochagua viatu vya kukimbilia. Ndivyo ilivyo pia kwenye Tekken, gemu ya mapigano iliyompa Mkenya Sylvia Gathoni, QueenArrow, jina la kimataifa: kila mpiganaji ana mapigo na mwendo wake, na mchezaji makini huchagua mapigo kwanza. Anayesoma jinsia pale ambapo mchezaji anasoma uwezo amekosea kabla hajaanza.

Jambo la pili ni bei, na hapa ushahidi uko wazi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2015 msichana wa Marekani mwenye umri wa miaka 12 alipakua gemu 50 za kukimbia bila kikomo zilizokuwa zikipendwa kwenye simu, akahesabu wahusika wake, na matokeo yakachapishwa katika gazeti la Washington Post. Miongoni mwa gemu zenye wahusika wanaotambulika jinsia, 98% zilikuwa na mhusika wa kiume na 46% zilikuwa na wa kike. Wa kiume alipatikana bure katika 90% ya gemu hizo. Wa kike alipatikana bure katika 15% pekee. Temple Run ilimkabidhi kila mchezaji mwanamume aitwaye Guy Dangerous, na aliyemtaka Scarlett Fox alilazimika kwanza kukusanya sarafu. Subway Surfers ilimkabidhi Jake. Kwa hiyo, kwa miaka mingi, wasichana wa Hagadera, Mombasa, Tanga na Bukavu waliopata simu ya kaka au ya baba kwa nusu saa wamekimbia juu ya reli wakiwa ndani ya mwili wa mvulana, bila kuulizwa. Sijasikia mzazi aliyemtafutia binti yake dawa kwa sababu ya Jake. Hapo ndipo hofu hii inapojifichua. Ingekuwa ni nadharia ya kweli kuhusu watoto na gemu, ingewatia wazee wasiwasi kwa binti kama inavyowatia kwa mvulana.

Lakini wapo wanaokubali hayo yote kisha wakashikilia kwamba uchaguzi, hata ukiwa na sababu nyingine, hufichua kitu kilichojificha moyoni. Dai hili limepimwa. Mwaka 2014 Rosa Mikeal Martey na wenzake walichapisha utafiti uliowafuatilia wachezaji 375 ndani ya gemu ya World of Warcraft, wakirekodi walivyotembea na walivyozungumza. Miongoni mwa wanaume, 23% walichukua mhusika wa kike. Miongoni mwa wanawake, 7% walichukua wa kiume. Wale wanaume waliandika kwa namna iliyokaribia ile inayotarajiwa kwa wanawake: maneno ya hisia zaidi, alama za mshangao zaidi. Katika mwendo, hata hivyo, walibaki wanaume wale wale. Waliruka-ruka zaidi na walikaa mbali zaidi na kundi, na watafiti hawakuona dalili kwamba walikuwa wakijaribu kuficha kuwa wao ni wanaume. Wengi wao pia walipenda mhusika mrembo mwenye nywele za mtindo wa kawaida wa kike. Wachezaji wanaume wamekuwa wakieleza sababu hiyo kwa miaka mingi bila haya: katika gemu nyingi unatazama mgongo wa mhusika kwa saa kadhaa, nao wanapendelea kumtazama mwanamke. Lara Croft wa Tomb Raider, tangu mwaka 1996, aliuzwa kwa vijana wa kiume kwa mvuto huo huo. Mzazi akitaka kuzungumza na mwanawe kuhusu mavazi ya wahusika hao na kuhusu kuinamisha macho, ana haki, na mazungumzo hayo yana maana. Ila aelewe kwamba hofu hiyo ni kinyume kabisa cha ile aliyokuja nayo.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni lile la kwamba mhusika humbadilisha mchezaji, na sitalipuuza, maana lina utafiti nyuma yake. Mwaka 2007 Nick Yee na Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba mtu aliyepewa umbo refu katika ulimwengu wa kompyuta alijadiliana kwa ukali zaidi kuhusu mgawo wa pesa, na aliyepewa sura nzuri alimsogelea mgeni karibu zaidi. Athari hiyo ni ya kweli. Lakini angalia ni athari ya nini: ya tabia, kwa muda mfupi, katika mazingira ya jaribio. Aliyepewa urefu hakutoka pale akiwa mrefu wala akiamini kuwa ni mrefu. Ukitaka jaribio kubwa zaidi, lipo. Mwaka 2016 watengenezaji wa gemu ya mtandaoni ya Rust waliwagawia wachezaji wote jinsia kwa bahati nasibu, wakaifunga kwenye akaunti, na hakuna aliyeweza kuibadilisha. Wanaume wengi mno walijikuta ndani ya miili ya wanawake pasipo kuomba. Wapo waliolalamika, wapo waliocheka, na gemu ikaendelea kujengewa ngome na kuporwa kama kawaida. Kama mhusika wa kike angekuwa na nguvu ya kugeuza maumbile ya mwanamume, tungekuwa tumeiona nguvu hiyo hapo.

Na kwa nini twende mbali? Shule za sekondari za kambini hufuata mtaala wa Kenya, na mtaala huo umemtaka mvulana wa kidato cha nne amfuate Mangwasha katika Nguu za Jadi ya Clara Momanyi ukurasa kwa ukurasa, aone kwa macho yake, aogope hofu zake, kisha aandike insha kumhusu. Kabla yake wasichana walimfuata Ridhaa, mwanamume aliyepoteza familia na nyumba, katika Chozi la Heri, riwaya iliyoandikwa na mwanamke, Assumpta Matei. Na kabla ya shule yoyote, kila mtoto wa Kisomali amesikia hadithi za Dhegdheer, lile jimama lenye sikio refu linalokula watu, zikisimuliwa na yeyote mwenye kipaji, mwanamume au mwanamke, akiigiza sauti yake mpaka watoto wakajifunika shuka. Kuingia katika nafsi ya mwingine kwa muda wa hadithi ni kazi ya kale ya binadamu, na jamii hii imeifanya vizuri kuliko nyingi. Gemu imeongeza vidole tu.

Wengine huniletea hukumu ya dini kuhusu wanaume wanaojifananisha na wanawake. Kutoa fatwa si kazi yangu, na anayeitaka aende kwa wanazuoni. Ninachoomba ni kwamba aende na maelezo sahihi. Ukimwambia sheikh kwamba kijana anajifananisha na wanawake, atakujibu juu ya hilo ulilomwambia. Mweleze yanayotokea hasa: kijana amevaa nguo zake, anaongea kwa sauti yake, na kidole chake kinasogeza picha yenye mbio kuliko picha nyingine. Ni masuala mawili, na aliyeyachanganya ni muulizaji.

Sasa nifike kwenye kinachonikasirisha, kwa sababu hofu isiyo na msingi isingenisumbua kama isingekuwa na tiba. Kuna wanaopendekeza kijana huyu apelekwe dhaqan celis, arudishwe kwenye utamaduni. Wazo la mwanzo, la kumrudisha mtoto kwa bibi na ndugu ili ajue lugha na desturi, ni la heshima. Lakini vituo vilivyojibandika jina hilo, nchini Kenya na Somalia, vimeelezwa na watu waliotoka humo: minyororo miguuni, viboko, kufungiwa vyumbani kwa miezi, mzazi akilipa kila mwezi huku akiambiwa kwamba mtoto anaendelea vizuri. Hakuna ushahidi hata mmoja kwamba kipigo hubadilisha anachokipenda mtoto. Upo ushahidi mwingi, kutoka kila nchi ilikochunguzwa, kwamba kipigo na kufungiwa huzaa woga, huzuni, usingizi mbovu na uongo. Kumpeleka mtoto huko kwa sababu ya Kelly ni kumjeruhi ili kutibu kitu kisichokuwepo, na anayekushauri hivyo huku akipokea malipo hakutakii mema. Dawa za kunywa zinazouzwa kwa jina la kumtoa jini wa simu ziko katika fungu hilo hilo. Nasema pia, kwa wale wanaoniambia kwamba wapo vijana wachache wanaotumia mhusika kujiuliza maswali mazito kuhusu nafsi zao: ni kweli, wapo. Gemu haikuwapa maswali hayo, mhusika hatakuonyesha ni nani kati yao, na kijana mwenye swali zito huhitaji mtu mzima wa kumsikiliza bila kumtisha. Kwake yeye mnyororo ni hatari maradufu.

Kama lipo swali la jinsia katika gemu linalostahili kikao cha wazazi, ni la binti. Wasichana wengi wanaocheza na wageni mtandaoni huchagua mhusika wa kiume na jina la kiume, kisha huzima kipaza sauti, na sababu yao inajulikana popote walipoulizwa: mara tu sauti ya kike inaposikika, huanza matusi, maombi ya namba ya simu, maombi ya picha, au zawadi za almasi zenye masharti. Wachezaji wanaume wenyewe wamewaeleza watafiti kwamba mhusika wa kike husaidiwa upesi na hupewa vitu bure. Kwa mvulana hiyo ni faida ya mchezo. Kwa binti wa miaka 13 anayetumia simu ya dada yake, aliyempa zawadi leo kesho atadai malipo. Hapo kuna hatari yenye jina na sura, na bado katika maswali mengi ninayopokea ni nadra sana kukuta moja linaloihusu.

La kufanya ni jepesi. Kaa na mtoto wako, mwambie akufundishe gemu, umuulize mhusika wake ana kipaji gani. Jibu litakuja mbio. Zima mazungumzo ya sauti na wageni kwenye mipangilio. Namba ya siri ya M-Pesa ibaki kichwani mwako, isiwe mkononi mwake, na ununuzi wa almasi upite kwako. Weka saa za kucheza na uzifuate wewe mwenyewe kabla ya kumdai yeye. Mwambie binti, kabla hajatishwa, kwamba akitishwa hatanyang'anywa simu kwa kukuambia; wengi hunyamaza kwa hofu hiyo tu. Hifadhi picha ya skrini ya kitisho, usiifute kwa hasira. Mtoto asiyelala, asiyekula, aliyeacha marafiki na masomo, mpeleke kwa mhudumu wa afya ya akili hospitalini au kwa mwalimu wa ushauri nasaha, hata kama mhusika wake kwenye gemu ni mwanamume mwenye ndevu. Na ukijua kuna mtoto aliyefungwa minyororo katika kituo chochote, piga 116, namba ya kitaifa ya kuwasaidia watoto nchini Kenya. Hupigwa bila malipo, usiku na mchana.